Udugu wa Siri au Huduma Mpya ya Kiroho: Mizani kwa Aliyealikwa Kote Kuwili

Dodoma ya leo ni mji wa wageni. Chuo Kikuu kilianza kupokea vijana mwaka 2007, Serikali ikaanza kuhamia kwa kasi mwaka 2016, na sasa treni ya mwendokasi inashusha watu kila siku. Mtumishi anahamishiwa Mtumba, anapanga Ilazo au Nkuhungu, jioni anarudi kwenye chumba kisicho na wa kumuuliza ameshindaje. Hapo ndipo mialiko huanza. Mmoja huja kwa sauti ya chini: mkubwa wa kazini anakudokeza kwamba kuna kundi la wanaume wenye heshima zao, wanakutana, wanashikana mkono katika shida, naye akiona unafaa atakutaja. Mwingine huja kwa spika: jirani anakubembeleza uende Jumapili kwenye huduma mpya, kuna mtumishi wa Mungu, watu wanafunguliwa.

Namwandikia mtu ambaye mialiko yote miwili imemfikia, au mmoja wapo, na hajui aupime kwa kipi. Mengi yanayosemwa juu ya mambo haya ni vitisho au ushabiki, na vyote viwili vinamwacha mtu palepale alipokuwa.

Kwanza tuwatoe matapeli

Kabla ya kulinganisha lolote, liko jambo moja lisiloingia kwenye mizani kabisa. Pita karibu na stendi ya daladala ya Sabasaba utazame nguzo za umeme. Utakuta karatasi iliyobandikwa kwa gundi ya unga, juu yake picha ya jicho ndani ya pembetatu, chini yake maneno ya namna hii: jiunge na Freemason, utajiri ndani ya saa 24, hakuna kafara, piga namba hii. Ukipiga, unaombwa pesa ya fomu. Ukilipa, unaambiwa begi lako la fedha limeshafika na linasubiri ada ya kulitoa. Ukilipa tena, pana "bima". Hapo hakuna chama wala imani yoyote. Ni mtu mmoja mwenye laini kadhaa za simu.

Utamtambuaje? Freemason halisi hawabandiki matangazo kwenye nguzo, na mtu anayeomba kuingia hutakiwa atamke kwamba hasukumwi na tamaa ya faida. Anayekuahidi mamilioni amejitaja mwenyewe. Ujumbe wa namna hiyo ukikufikia kwa simu, utume kwenda namba 15040 ili namba ya tapeli ishughulikiwe. Kama umeshalipa, nenda polisi na miamala yako yote. Usione haya, na usiongeze hata shilingi moja ukitumaini kurudishiwa ya kwanza.

Tunalinganisha nini na nini

Upande wa kwanza ni vyama vya kindugu vyenye siri. Maarufu zaidi ni Freemason, ambao chama chao kikuu kilianzia London tarehe 24 Juni 1717 matawi manne yalipoungana, na katiba yao ya mwanzo ikachapishwa mwaka 1723. Afrika Mashariki wana wilaya moja iliyo chini ya Uingereza, inayojumuisha Kenya, Uganda, Tanzania na Ushelisheli. Dar es Salaam wana jengo lao Sokoine Drive, wala halijafichwa. Wapo pia Rosicrucian wa AMORC, walioanza Marekani mwaka 1915 na kujulikana kwa masomo wanayotumiana kwa posta, na kule Nigeria kuna Ogboni.

Upande wa pili ni dini mpya na huduma mpya, na upande huu ni mpana mno. Humo utawakuta Wabahai, walioanzia Iran karne ya 19. Utawakuta Hare Krishna, waliojisajili New York mwaka 1966, na kanisa la Sun Myung Moon lililoanzishwa Seoul mwaka 1954. Afrika yenyewe imezaa nyingi: Simon Kimbangu alianza kuhubiri Kongo mwaka 1921, na Legio Maria ilizaliwa Kenya miaka ya 1960. Halafu kuna zile tunazozijua zaidi hapa kwetu, huduma za kinabii za kwenye mahema na kumbi za kukodi, zinazozaliwa kila mwaka kuanzia Chang'ombe hadi Kisasa.

Upya peke yake si kosa. Uamsho ulioanzia Gahini, Rwanda, miaka ya 1930 uliwashtua baadhi ya viongozi wa kanisa wa wakati ule, na leo nyimbo zake zinaimbwa na Waanglikana na Walutheri wa mkoa huu bila mtu kushtuka.

Vigezo

Nimechagua sita, na kila upande utapimwa kwa vyote: unaingiaje, kinachofichwa ni nini, pesa zinakwendaje, nani ana neno la mwisho, familia yako na dini uliyonayo vinaguswaje, na ukitaka kutoka, unatokaje. Sikuweka kigezo cha kipi ni kweli mbele za Mungu. Hicho ni cha kwako na dhamiri yako, na Ibara ya 19 ya Katiba ya mwaka 1977 inakulinda unapokipima.

Kuingia

Kwa Freemason mlango ni mwembamba na mwendo ni wa polepole. Lazima uwe mwanaume mtu mzima, uwe unaamini kuna Mungu mmoja mkuu kwa dini yoyote uliyo nayo, utajwe na mwanachama, uungwe mkono na mwingine, uhojiwe, kisha upigiwe kura ya siri ambayo kura chache tu za hapana hukuzuia. Ukipita, kuna madaraja matatu ya kupanda, kwa sherehe tatu tofauti. Mwanamke haingii katika matawi haya. Uingereza kuna vyama vya wanawake vilivyojitenga tangu mwaka 1908, lakini kwa dada anayeishi Area D hilo halimsaidii kitu. AMORC hupokea wanaume na wanawake sawasawa.

Kwenye huduma mpya mlango uko wazi saa zote, na hilo lina uzuri wake. Hakuna anayekuuliza cheo. Mama ntilie wa Majengo anakaa kiti kimoja na mkurugenzi. Siku ya kwanza unaandikwa jina na namba ya simu, kesho yake unapigiwa kuulizwa umeamkaje, na ukiugua watu wanakuja na uji. Kwa mgeni wa mji huo si upendo wa kuigiza; mara nyingi ni wa kweli kabisa. Tatizo liko kwenye kasi. Kabla hujajua katiba ya huduma inasemaje umeshapewa baba wa kiroho, sare ya idara na zamu ya mkesha. Polepole ya wale inakupa muda wa kufikiri. Haraka ya hawa inakupa joto kwanza, fikra zinafuata baadaye.

Siri

Hapa watu wengi hukosea hesabu, nami nitakaa kidogo.

Wakisikia Freemason, wanadhani kila kitu kimefichwa. Kinachofichwa hasa ni alama za kutambuana, maneno ya viapo na mwenendo wa sherehe za kupandisha daraja, na hata hizo zimeandikwa na kuchapishwa na waliotoka tangu karne ya 18. Viongozi wao hujulikana. Marehemu Sir Andy Chande, ambaye viwanda vya familia yake vilitaifishwa mwaka 1967 naye akabaki kuliongoza Shirika la Taifa la Usagishaji, alikuwa mkuu wao wa Afrika Mashariki kwa miaka mingi. Aliyasema hayo magazetini na kwenye televisheni bila kujificha. Hadithi za kutoa ndugu kafara, zinazozungushwa kila tajiri anapofiwa, hazijawahi kuthibitishwa, na zimewaumiza wafiwa wengi wasio na kosa.

Lakini siri ina hatari yake, na haki inataka tuitaje. Italia, mwaka 1981, polisi walikuta orodha ya watu 962 wa tawi la Freemason lililoitwa Propaganda Due, chini ya Licio Gelli: mawaziri, majenerali, wakuu wa usalama, wenye mabenki. Tawi hilo lilikuwa limeshaondolewa kwenye uhalali na chama chake chenyewe, likaendelea chini kwa chini. Serikali ya Arnaldo Forlani ilianguka. Nigeria nako, wanafunzi saba wa Ibadan, akiwemo Wole Soyinka, walianzisha udugu wa chuoni mwaka 1952 kwa nia ya kupinga ubwanyenye. Miongo iliyofuata vyama vingine vya kuiga viliota kila chuo, na Julai 1999 watu wa kundi moja waliingia mabwenini Ife usiku na kuua wanafunzi watano. Waanzilishi hawakuwa na nia hiyo. Siri ndiyo iliyowapa waliofuata mahali pa kujificha.

Huduma mpya, kwa upande wake, huonekana haina siri. Ibada inarushwa mubashara, milango iko wazi, muziki unasikika mtaa wa pili. Lakini siri yake iko kwingine: kwenye akaunti ya benki, kwenye mafundisho ya wale wa ndani tu, kwenye chumba cha kumwona mtumishi faragha. Kanungu, Uganda, tarehe 17 Machi 2000, mamia ya waumini walikufa kwenye moto ndani ya jengo la ibada lililopigiliwa misumari. Majirani walikuwa wamewazoea kama watu wapole wasiosemasema. Shakahola, Kilifi, mwaka 2023, ilifukuliwa zaidi ya miili 400 ya watu walioambiwa wafunge hadi wakutane na Yesu. Kabla ya makaburi, dalili zilikuwepo: watoto wametolewa shule, mali zimeuzwa, hospitali imeitwa ya shetani.

Huduma nyingi hazifiki huko, na kuzifananisha zote na Shakahola ni kuzionea. Ninachosema ni kwamba usiulize tu kama pana siri. Uliza siri ya nini, na inamlinda nani. Salamu ya mkono iliyofichwa haijamuumiza mtu. Hesabu za fedha zilizofichwa zinaumiza kila wiki.

Pesa

Kwa Freemason kuna kiingilio na ada ya mwaka, kuna aproni na suti nyeusi, kuna chakula cha pamoja baada ya kikao na michango ya hisani. Unaambiwa kabla ya kuingia, na mweka hazina husoma hesabu mbele ya wanachama. Si chama cha mtu anayehesabu nauli. Na nirudie: hakikuahidi utajiri, na ukiingia kwa ajili hiyo utachoka mapema.

Kwa dini mpya hakuna kanuni moja. Wabahai hawapokei mchango kwa mtu asiye Mbahai, na anachotoa muumini ni siri yake, hakuna anayesimamishwa. Ukienda kwenye baadhi ya huduma za kinabii mambo ni mengine. Niliketi kwenye hema moja hapa mjini wakati wa sadaka ya mbegu. Mhubiri alianza kwa laki tano: mwenye imani ya laki tano asimame, apite mbele, apokee neno lake peke yake. Wakapita wachache. Akashuka laki mbili, laki, hamsini. Kila ngazi ilikuwa na neno fupi kuliko lililotangulia. Alipofika elfu mbili waliobaki waliambiwa watie kwenye kapu mlangoni. Pembeni yangu mama mmoja alikuwa ameshika elfu mbili yake, ameikunja mara nne, akaiangalia kwa namna ambayo haikunitoka moyoni. Hakuna Injili niijuayo inayompimia mjane neno kwa noti yake.

Halafu kuna mafuta, maji, vitambaa, chumvi, stika za mlangoni. Moshi, tarehe 1 Februari 2020, watu 20 walikufa kwa kukanyagana kwenye uwanja wa Majengo wakikimbilia kukanyaga mafuta ya upako. Wala bei ndogo haimaanishi usalama. Kikombe cha dawa cha Samunge, Loliondo, mwaka 2011 kiliuzwa shilingi 500 tu, na mzee aliyekigawa hakuonekana mlafi. Lakini wapo waliokunywa wakaacha dawa zao za kisukari na za kufubaza virusi, na gharama hiyo haikuandikwa kwenye bei.

Neno la mwisho

Tawi la Freemason huwa na mkuu anayechaguliwa, kwa kawaida kwa mwaka mmoja, naye akishuka anakaa na wenzake. Siasa na mabishano ya dini hayaruhusiwi kikaoni. Akikosea, kuna ngazi ya wilaya na ya juu yake. Hatari haiko sana kwenye amri ya mkuu, iko kwenye deni la kindugu. Leo ndugu yako wa kikaoni ana maombi ya zabuni mezani kwako. Utaamuaje? Uingereza wenyewe walihangaika na swali hilo: mwaka 1998 Serikali ilianza kuwataka majaji wapya watamke kama ni wanachama, na mwaka 2009 sharti hilo likafutwa baada ya kuonekana hakuna uthibitisho wa upendeleo. Kwa mji kama huu, ambamo nusu ya marafiki zako wanafanya kazi wizarani, swali hilo ni la kila siku.

Kwenye huduma mpya tofauti ni kubwa. Wabahai hawana makasisi. Husimamiwa na mabaraza ya watu tisa wanaochaguliwa kila mwaka, bila kampeni. Ziko huduma za Kipentekoste zenye bodi, mkaguzi na mikutano ya mwaka. Na ziko zile ambamo mwanzilishi ni mwenyekiti, mkewe ni mweka hazina, na mwanawe ni katibu. Humo, likitoka neno "Mungu ameniambia", hakuna mahali pa kukatia rufaa. Mimi kigezo hiki nakipa uzito kuliko vyote. Kiongozi asiyeweza kuambiwa "hapana, mtumishi" na mtu yeyote ndani ya nyumba yake ni hatari hata akiwa mwema leo.

Familia na dini uliyo nayo

Mkatoliki hana haja ya kubahatisha. Papa Klementi wa 12 alikataza uanachama wa Freemason mwaka 1738, tamko la Novemba 1983 likasema katazo lipo palepale na anayejiunga haruhusiwi kupokea Komunyo, na Novemba 2023 Vatican ikarudia. Kwa Waislamu, baraza la wanazuoni wa fiqhi la Makka lilitoa katazo mwaka 1978. Waanglikana, walio wengi hapa Dodoma, hawana katazo la jumla: Geoffrey Fisher alikuwa Askofu Mkuu wa Canterbury na ni Freemason, ila Sinodi ya Kanisa la England mwaka 1987 ilipokea ripoti iliyoona maswali mazito ya kiimani. Ongea na mchungaji wako kabla, siyo baada. Nyumbani, mke atakuwa na maswali ambayo umeapa kutoyajibu yote. Ndoa nyingine zinalibeba hilo, nyingine haziwezi.

Huduma mpya mara nyingi inaichukua familia yote, na nimeona ndoa zilizoponea humo, walevi walioacha pombe, vijana waliorudi shule. Hilo lisifichwe. Lakini jihadhari na pale unapoanza kuambiwa kwamba matatizo yako yana jina na sura. Bibi yako wa Mpwapwa, aliyekulea kwa ugali wa uwele na mlenda, ghafla ndiye "aliyekufunga". Shangazi hapokelewi simu tena. Mama mzazi anarudishiwa kuku aliyeleta kwa kuwa "ana kitu". Udugu wa siri unaweza kukuficha kwa familia yako. Huduma mbovu inaweza kukugeuza uwe adui yao, na kijijini neno la uchawi likishamwangukia mzee, hata maisha yake yako hatarini.

Kutoka

Freemason anatoka kwa barua ya kujiuzulu na kulipa ada anayodaiwa. Kiapo cha kutunza siri kinabaki kwenye heshima yake. Yale maneno ya kutisha ya adhabu za mwili, ambayo yalikuwa ya ishara tu, Uingereza iliyaondoa kwenye viapo mwaka 1986. Kinachouma ni kupoteza mtandao wa marafiki.

Kwenye dini mpya watu hutoka zaidi kuliko inavyosemwa. Eileen Barker, msomi wa London aliyewachunguza wafuasi wa Moon miaka ya 1970 na 1980, aligundua kwamba walio wengi waliohudhuria semina zao hawakujiunga, na wengi waliojiunga walijitokea wenyewe ndani ya miaka michache. Kwa hiyo usikate tamaa na ndugu aliyezama. Hata hivyo kuna huduma zinazomsindikiza anayeondoka kwa laana: utafilisika, utakufa, kizazi chako kitafungwa. Shamba uliloandikisha kwa jina la mtumishi ni vigumu sana kulirudisha. Ibara ya 20 ya Katiba inakataza mtu kulazimishwa kujiunga na chama au shirika lolote. Hiyo ya kukutisha usitoke nayo haina baraka ya sheria.

Nani anafaa wapi

Udugu wa siri unamfaa mwanaume aliyetulia kipato, anayependa utaratibu na sherehe za kale, ambaye dini yake haimkatazi, mkewe anajua, na kazi yake haimweki mahali pa kugawa ulaji. Haumfai mwenye njaa ya kupanda cheo. Huduma mpya inamfaa anayehitaji sala za pamoja, nyimbo na watu wa kumjulia hali, aliye tayari kusoma katiba yao na kuuliza maswali mbele za watu. Haimfai aliye kwenye msiba mbichi au ugonjwa mzito na anayetaka jibu usiku huu, kwa sababu aliye katika hali hiyo hutia sahihi lolote.

Kwa hali yako

*Mtumishi uliyehamishiwa Mtumba, umealikwa na bosi.* Ukweli kwamba anayekualika ndiye anayejaza fomu yako ya tathmini unatosha kukufanya usubiri. Mwambie kwa adabu kwamba utafikiri ukishahama idara. Kama ni muungwana ataelewa. Akikasirika, umeshajua kilichokuwa ndani ya mwaliko.

*Mwanafunzi wa chuo.* Kikundi chochote kinachokutaka uape kabla ya kukuonyesha katiba, kikatae: cha kindugu au cha maombi. Mikesha inayokukosesha mtihani siyo ibada uliyotumwa na wazazi kuifuata Dodoma. Na boom lako, pesa yako ya kujikimu chuoni, si mbegu ya mtu.

*Mgonjwa, au mwenye mgonjwa.* Ombewa, tena popote moyo wako unapopata faraja, lakini dawa ziendelee na kliniki usiikose. Mtumishi anayekubali maneno hayo bila kununa unaweza kumsikiliza. Anayesema dawa ni kutokuamini, ondoka siku hiyohiyo.

*Mfanyabiashara unayetafuta watu wa kukuinua.* Hapa huenda hakuna hata kimoja kati ya viwili kinachokufaa. Kikoba chenye watu unaowajua, saccos iliyokaguliwa, au klabu ya wazi ya kujitolea kama Rotary itakupa mtandao bila kiapo na bila mbegu.

*Umeshavutiwa na huduma fulani, hutaki kuiacha.* Basi iulize karatasi zake. Jumuiya ya dini hutakiwa kusajiliwa chini ya Sheria ya Jumuiya, Sura ya 337, na Msajili yuko chini ya Wizara ya Mambo ya Ndani, makao yake yako hapahapa Dodoma. Wadhamini wao huandikishwa RITA, wakala wa Serikali wa usajili, ufilisi na udhamini. Omba kuona cheti, katiba na hesabu za mwaka uliopita. Cheti hakithibitishi utakatifu, ila namna wanavyolipokea ombi lako inasema mengi. Nenda pia siku ya kawaida ambapo hakuna tamasha, ukae nyuma, utazame wanamtendeaje mtu asiye na kitu.

*Tayari uko ndani na unaogopa kutoka.* Mwambie mtu mmoja wa nje kwanza: kaka, mama mkubwa, mchungaji wa zamani, imamu wa mtaani. Chukua vitambulisho vyako, hati na vyeti vya watoto kabla hujatangaza lolote. Usirudi kwenye kikao cha kukushawishi ukiwa peke yako. Kama watoto wanazuiwa, wananyimwa shule, chakula au hospitali, piga 116, ni bure, au nenda Dawati la Jinsia na Watoto kwenye kituo cha polisi kilicho karibu, wala usisubiri mkesha unaofuata uishe.